Mama amekuta barua kwenye daftari langu. Niseme ukweli wote au ninyamaze?

#1 KifunguaMimba

Wakuu, salamu. Nina miaka 17, nipo mwaka wa mwisho wa sekondari, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Nyumbani kuna sheria moja ambayo haijawahi kujadiliwa: hakuna mapenzi mpaka nimalize masomo na nipate kazi. Baba hajawahi hata kunikalisha chini akaitamka. Ila ikija habari ya mtoto wa mtu "aliyeharibika", ananitazama mimi, halafu anauliza mtihani ni lini.

Kuna msichana tunasoma naye. Tunajisomea pamoja na tunaandikiana barua, hatujavuka hapo. Wiki iliyopita mama alikuwa anatafuta karatasi ya kuandikia namba ya simu, akafungua daftari langu la hesabu, barua ikadondoka. Nilikuwa nimeikunja mara nne nikaichomeka ndani ya jalada la nyuma. Akaisoma palepale amesimama. Akaikunja vilevile ilivyokuwa, akairudisha kwenye jalada, akasema, "Baba yako hajaiona." Basi. Tangu siku hiyo hajaligusia tena, ananisalimia kama kawaida.

Niende nimwambie ukweli wote kabla hajalifikisha kwa baba, au ninyamaze lipite? Na wazazi mliopo humu naomba mnijibu hili: mnaogopa nini hasa? Alama zangu hazijashuka hata kidogo. Mimi naamini kumkataza kijana asipende hakumzuii kupenda, kunamfundisha kuficha tu.

#2 Nahodha

Nimewahi kiti cha mbele. Wazazi jitokezeni mjibu.

#3 MamaWawili

Mwanangu, salama. Nina binti wa miaka 15 na mvulana wa 18, kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wa mama yako. Mwanamke aliyetaka kukuchongea asingeirudisha barua mahali pake, angekaa nayo. Amekuachia nafasi uende kwa miguu yako. Mfuate akiwa peke yake, akiwa na kazi mkononi, usimwitie kikao. Taja jina la binti, eleza mmefahamiana vipi na mmejiwekea mipaka gani. Usianze na msamaha kama hakuna ulichokosa. Anza na "mama, ile barua", yeye ataendelea.

Tunaogopa nini? Mimi naogopa mimba, naogopa maradhi, naogopa mtoto kuacha shule, kwa mpangilio huo. Na naogopa kuulizwa na ndugu "wewe mama yake ulikuwa wapi?" Hilo la mwisho wengi hatulisemi, lakini ndilo linalotukosesha usingizi.

#4 Kisiki

Dada MamaWawili nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. "Baba yako hajaiona" mimi naisikia kama onyo: leo hajaiona, ukinizingua ataiona. Nimelelewa na mama wa aina hiyo. Hasemi kitu, anaweka akiba. Siku mnakosana kwa jambo jingine kabisa, yote yanatoka, na tarehe zake.

Dogo, nyamaza, fanya mtihani, mengine yatafuata. Na daftari la hesabu ndiyo mahali pa kwanza mzazi anapofungua, ungechagua hata la historia.

#5 Tunu_

"Na tarehe zake" 😂 Kisiki, itakuwa tumezaliwa nyumba moja.

#6 MsomaUsiku

Tumwache mama kidogo, turudi kwenye dai la mleta uzi. Mapenzi ya mwanzo hayazimwi kwa amri, na kuna sababu ya kimwili. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, akiwemo Helen Fisher, waliwaingiza vijana 17 waliopenda kwelikweli kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha sura za wapenzi wao. Zilizochangamka ni sehemu za ndani kabisa zinazotumia dopamini, kemikali ya ubongo, zile zinazomfanya mtu akifuate kitu mpaka akipate. Hitimisho lao ni kwamba mapenzi ya mwanzo ni msukumo zaidi kuliko hisia moja kama furaha au huzuni. Ongeza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya jambo, inaendelea kukomaa mpaka mtu avuke miaka 20. Yaani msukumo unatangulia, upimaji unafuata miaka baadaye. Mzazi anashindana na hilo kwa sentensi moja ya "sitaki kusikia".

#7 MshauriShuleni

Marekebisho kwa #6, kwa nia njema. Wale 17 hawakuwa wanafunzi wa sekondari, walikuwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Utafiti ule haumgusi mtoto wa miaka 15. Na hoja ya ubongo unaokomaa mzazi mkali ataichukua vilevile aseme "si mnaona wenyewe, hawezi kuamua".

Kilichopimwa kwa vijana wadogo ni kingine. Mwaka huohuo wa 2005, Gardner na Steinberg waliwapa watu wa rika tofauti mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wakicheza huku wenzao wanawaangalia walijihatarisha zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima, kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha kitu. Kazini kwangu naliona hilo kila muhula. Kijana ninayeongea naye ofisini peke yake anapima mambo vizuri kabisa, na huyohuyo akiwa na kundi lake getini ni mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ana mpenzi?", mimi huuliza "wanaonana wapi, na nani yupo?"

#8 MsomaUsiku

Ahsante kwa marekebisho. Hoja ya msukumo bado naishikilia.

#9 Mjukuu_wa_Saba

Mimi naenda mbali kuliko mleta uzi. Kukataza hakufundishi kuficha tu, kunayaongeza mapenzi yenyewe. Wataalamu wanaita athari ya Romeo na Juliet. Mwaka 1972 Driscoll na wenzake walichunguza jozi 140 za wanandoa na wachumba, wakakuta wazazi wanavyozidi kuingilia, wawili wanazidi kupendana. Juliet mwenyewe alikuwa binti wa miaka 16 tu, mnajua alipoishia.

#10 Tunu_

Juliet wa Shakespeare ana miaka 13, hajatimiza hata 14. Wa karibu miaka 16 yupo kwenye shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambalo Shakespeare alichukua kisa humo. Na tangu wakutane mpaka wanakufa haijatimia wiki. Hapo hata muda wa kukatazwa vizuri haukuwepo!

#11 MshauriShuleni

Na huo utafiti wa 1972 ulikuja kurudiwa. Mwaka 2014 Sinclair na wenzake walichapisha matokeo yao baada ya kuutafuta mfumo uleule kwa watu wengi zaidi, wakaukosa. Walichokuta ni kinyume: familia na marafiki wakiukubali uhusiano, mapenzi yanakua, wakiukataa, yanapungua.

#12 Mjukuu_wa_Saba

Mimi na mke wangu tulikatazwa pande zote mbili tangu tukiwa shuleni, na leo tunalea watoto watatu. Watafiti wapite huko, mimi nimeyaishi.

#13 Kisiki

Mjukuu, labda wakwe hawakukataza, walikuwa bado hawajakuelewa tu. 😂

#14 Zuhura.M

Nimesoma mpaka hapa nikaona niandike, maana mnazungumza kama tatizo ni mapenzi kuongezeka au kupungua.

Nilikulia nyumba kama ya mleta uzi, tena zaidi. Baba alikuwa anakagua begi langu kila Ijumaa, anamwaga vitu vyote mezani, anafungua kalamu kuona ndani kuna nini. Nikawa hodari. Namba ya mvulana niliihifadhi kwa jina la msichana tuliyekaa naye dawati moja, na huyo rafiki nikamfundisha cha kujibu akipigiwa. Niliweza kusema uongo huku naosha vyombo, sauti isitikisike. Kwa miaka miwili nyumbani walijisifu wana binti asiye na makuu.

Halafu yule mvulana akabadilika. Alianza kutaka nywila ya simu yangu. Akawa anajua nimevaa nini kabla sijafika shule. Nilipomwambia tuachane akasema atampelekea baba kila nilichowahi kumwandikia. Hapo ndipo nilipojua sina mtu. Ili niombe msaada nyumbani ilinibidi kwanza nikiri kuwa nilikuwa na mpenzi, na kwa hesabu za wakati ule kosa la kuwa naye lilikuwa kubwa kuliko kosa la yeye kunitisha. Nilivumilia mpaka alipohama shule mwenyewe.

Kwa hiyo wazazi, mnapofunga mdomo wa mtoto kwenye jambo zuri, mnaufunga na kwenye jambo baya. Mdomo ni huohuo.

#15 MamaWawili

Zuhura, pole sana mwanangu. Leo nitakaa na binti yangu.

#16 BabaJunior

Pole dada Zuhura. Nimesoma kwa heshima. Lakini naomba na sisi tunaoitwa wakali tusikilizwe, maana kwenye uzi huu baba ni mtu wa kukagua mabegi tu.

Baba wa kijana huyu ana watoto wanne. Huyu wa kwanza ndiye njia. Akipita, watatu nyuma yake wanaona inapitika, akikwama wanasema "hata kaka alishindwa". Mzigo huo si haki kwa mtoto, nakubali, ila upo. Kaka yangu mkubwa alikuwa kichwa kuliko sisi wote, alipenda akiwa kwenye umri huohuo, akawa baba kabla hajamaliza shule. Alimlea mtoto wake kwa heshima, sisemi alifanya dhambi. Lakini nilimwona akiazima vitabu vyangu anasoma usiku baada ya kazi, na hakurudi darasani tena. Mimi hunitoi kwenye hofu hiyo kwa picha za ubongo.

Na wewe kijana unasema alama hazijashuka. Hazijashuka leo. Mapenzi ya wiki ya pili hayashushi alama, yanayoshusha ni yale ya siku mkigombana kesho mtihani.

#17 FundiSaa

BabaJunior amegusa jambo. Mwaka 2011 Kross na wenzake waliwachunguza watu walioachwa bila kutaka, wakaona wakitazama picha ya aliyewaacha zinachangamka baadhi ya sehemu zilezile za ubongo zinazochangamka mwili ukiumizwa. Kwa hiyo tuache kuwaambia vijana "utasahau tu", yanauma kweli.

Ila kuhusu alama, mimi namshtaki usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 mpaka 10 kwa usiku. Na katika balehe saa ya mwili inasogea mbele, melatonini, homoni ya usingizi, inachelewa kutoka, hata akilala mapema anageukageuka tu. Sasa muwekee na mtu wa kuchati naye mpaka saa saba usiku, aamke kumi na moja. Mzazi anaona alama zimeshuka, anasema ni mapenzi. Mwondolee mpenzi umwachie mpira na michezo ya simu mpaka saa saba, alama zitashuka palepale.

#18 Nahodha

FundiSaa umenigusa mimi mwenye miaka 34. Nalala sasa hivi.

#19 KifunguaMimba

Ahsanteni wote, nimesoma kila bandiko. Mama Zuhura... samahani, dada Zuhura, bandiko lako nimelisoma mara mbili.

Leo jioni nimemfuata mama akikunja nguo. Nikaanza kama MamaWawili alivyosema, "mama, ile barua". Hakuacha kukunja. Nikaeleza yote, jina, tulivyoanza kusoma pamoja, kwamba hatuonani nje ya shule. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilijua atauliza kuhusu mtihani au mimba. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwao wanajua?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi bado hujaniambia yote," akabeba nguo akaingia ndani.

Sijamwelewa. Amekasirika au vipi?

#20 DadaMkubwa

Hatimaye mtu amemkumbuka binti! Mabandiko kumi na nane yamepita, tumejadili mama, baba, ubongo, Juliet na usingizi, hakuna aliyeuliza yule msichana yuko kwenye hali gani. Mama wa kijana ameuliza kwa sababu yeye aliwahi kuwa msichana.

KifunguaMimba mdogo wangu, hebu nijibu. Barua iliyosomwa ni ya kwako au ya kwake? Maana ukisema "barua yangu imekutwa" na mwandiko ni wa kwake, basi aliyevuliwa faragha ni yeye. Maneno yake yamesomwa na mama wa mvulana anayempenda, na huenda hana habari. Kesho wakikutana njiani yeye atasalimia tu, mwenzake anajua yaliyomo moyoni mwake.

Na tuseme ukweli. Familia zenye sheria hii huwa zina sheria mbili. Mvulana akikutwa anaambiwa "soma kwanza". Msichana akikutwa anaulizwa yeye ni mtu wa namna gani. Kosa moja, mmoja anapotezewa muda, mwingine anapotezewa jina.

#21 KifunguaMimba

Ni ya kwake. Mwandiko wake. Kwao kaka zake wawili wanakagua simu yake kila jioni, ndiyo maana tukahamia kwenye karatasi. Sijamwambia kwamba mama ameisoma. Niliogopa ataacha kuniandikia.

#22 Tunu_

Mwambie kesho asubuhi, kabla ya yote. Asije kulisikia kwa mtu mwingine.

#23 Wakili_Kijana

Kuhusu kukagua simu na mabegi: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unasema mtoto asiingiliwe kiholela katika faragha yake, familia yake, nyumba yake wala mawasiliano yake. Na mtoto kwa mkataba huo ni mtu chini ya miaka 18. Barua ni mawasiliano.

#24 BabaJunior

Soma na kifungu cha 5 cha mkataba huohuo, Wakili. Kinaitambua haki na wajibu wa mzazi wa kumwongoza mtoto.

#25 Wakili_Kijana

Kinautambua kulingana na uwezo wa mtoto unavyokua. Unavyomwongoza wa miaka 7 sivyo unavyomwongoza wa 17. Hapo ndipo tunapotofautiana, mzee wangu, wala hatupo mbali sana.

#26 MshauriShuleni

Kabla hamjafika mahakamani 🙂 nirudi kwa MamaWawili na BabaJunior, maana swali lenu la kweli ni "nitajuaje mtoto wangu anafanya nini?" Mwaka 2000 Stattin na Kerr walichapisha utafiti wao wa vijana wa miaka 14 nchini Sweden na wazazi wao. Walitaka kujua mzazi anayefahamu maisha ya mwanawe amezipata wapi habari hizo. Sehemu kubwa hazikutoka kwenye kuuliza wala kwenye kuchunga. Zilitoka kwa mtoto aliyeamua kusimulia mwenyewe. Ukikagua begi unapata kilichomo kwenye begi, na Zuhura ametueleza kilichokuwa nje ya begi.

Lakini simsemi baba wa huyu kijana kuwa na sheria. Diana Baumrind, aliyeanza kuchunguza malezi tangu miaka ya 1960, alitofautisha mzazi anayetoa amri asiyejadiliana na mzazi mwenye msimamo anayeeleza sababu na kusikiliza. Wote wawili wana sheria. Watoto wa huyu wa pili ndio aliowakuta wanajiamini na kujitawala zaidi. Huruma bila mpaka wowote nayo haikuleta matunda.

#27 Kisiki

Mshauri, Sweden ni Sweden na Baumrind alikuwa na watoto wa watu wengine. Nyumba ambayo hakuna aliyewahi kujadiliana, ukianza kujadiliana mwaka wa mtihani unalipua nyumba. Bado nasema baba asijue sasa hivi.

#28 Zuhura.M

Kisiki, tatizo si baba kujua. Tatizo ni atajua kupitia kwa nani. Kaka za yule binti wakiipata barua ya kijana, baba atapigiwa simu na watu wasiomjua.

#29 KifunguaMimba

Nimemwambia asubuhi, kwenye benchi la nyuma kabla kengele haijalia. Alinyamaza sana. Halafu akauliza mama yangu alikuwa na uso gani alipokuwa anaisoma. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuthubutu kumtazama. Amesema anataka barua zake zote azitunze yeye. Nitampelekea kesho.

Mama naye ameongea. Ananipa mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Baada ya hapo nimwambie baba mwenyewe, nisipomwambia atamwambia yeye. Kwa hiyo sijui kati ya #3 na #4 nani alikuwa sahihi.

#30 MamaWawili

Mimi, mwanangu. Kukupa muda ni kukulinda.

#31 Kisiki

Kukupa muda na tarehe ya mwisho! Nilisema tarehe zitatoka.

#32 BabaJunior

Kijana, mimi ni baba na sikubaliani na wote wawili. Usisubiri mtihani uishe. Baba akigundua kwamba nyumba nzima ilijua miezi yote hiyo, kitakachomuuma si yule binti, ni kwamba mliona yeye hawezi kuambiwa. Mfuate wiki hii, mkiwa wawili, umshikie na matokeo yako ya majaribio. Atakaripia. Mwache akaripie amalize, baba yeyote anahitaji muda wa kukaripia kabla hajaanza kusikia.

#33 DadaMkubwa

BabaJunior, ushauri mzuri. Na wa kwako angekujia hivyo leo usiku ungemsikiliza mpaka mwisho?

#34 BabaJunior

Junior, ndiyo. Dada yake ana miaka 16. Yeye nisingekubali.

#35 DadaMkubwa

Kwa nini?

#36 BabaJunior

Kwa sababu mtoto wa kaka yangu alizaliwa na mtu, na yule msichana hakurudi shule wala hakupata hata kitabu cha kuazima. Sisi tulimhesabu kaka tu. Usinijibu upesi dada, nimeandika hili nikifikiri.

#37 Tunu_

KifunguaMimba, ukimpelekea barua usizibebe zote kwenye begi siku moja. Na mtihani wa hesabu ni karatasi ya kwanza au ya pili? Nina maswali ya miaka iliyopita naweza kukutumia.